Gari la familia kwa mtu wa Uyole: Noah, na yadi iliyoniuzia

Mkuu, nimesoma swali lako lote. Familia ya watu sita, kila sikukuu mnashuka Kyela kwa wazee, mara mojamoja Dar. Unachagua kati ya Toyota Wish, Isis na Noah, na unataka kujua kama hao wa "huduma kwa wateja" kwenye yadi za magari za Dar wanapokea simu wakishalipwa. Mimi niko Mbeya mjini, nina watoto wanne na mama yangu mzazi tunaishi naye, na tunatumia Noah ya toleo lililoanza 2007, injini ya 3ZR ya lita mbili. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Gari lenyewe kwanza. Chukua Noah. Wish ni gari zuri kwa mafuta na spea zake zimejaa kila duka, lakini kiti cha safu ya tatu ni cha watoto wadogo, na liko chini mno. Kama njia ya kuingia kwa wazee ni ya udongo, mvua za Rungwe zikishapita utasikia tumbo la gari linakwangua. Isis ina mlango wa kuburuta, na upande wa kushoto haina nguzo ya kati, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu anaingia vizuri sana. Ila dari lake ni fupi na nyuma kunabana karibu sawa na Wish. Kwenye Noah mama yangu anapanda, anakaa wima, anaona nje, na mtu mzima akikaa kiti cha tatu mpaka Tukuyu halalamiki.

Usumbufu wake ni mizigo. Viti vya tatu vikiwa vimekaliwa, buti inabaki nyembamba. Ukirudi Kyela na magunia ya mchele, na ukapitia ndizi pale Tukuyu, lazima ukunje kiti kimoja cha nyuma ukining'inize ubavuni, na hapo abiria mmoja anahamia katikati. Panga safari ukijua hilo. Mafuta, kwenye barabara kuu napata kilomita 10 hadi 11 kwa lita nikiendesha kwa utulivu. Mizunguko ya mjini, Soweto, Mwanjelwa, shule, inashuka.

Kuhusu nguvu naomba unisikilize vizuri, kwa sababu wauzaji wa Dar hawalijui hili na hawatakuambia. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu yake kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa inapungua. Kwa hiyo gari ulilolijaribu Mwenge likaruka vizuri, ukilifikisha Mlima Nyoka na watu saba ndani litakuwa jingine. Noah inapanda, lakini inanguruma, na ukiwa nyuma ya semi usitegemee kuchomoka ghafla. Unangoja mpaka uone mbele kweupe. Kwa gari la familia mimi naridhika na hilo. Anayetaka kuovateki kwenye kona za Kitonga, ule mlima mkali wa Iringa, asiwe na watoto ndani.

Sasa huduma kwa wateja, maana ndiko ulikouliza kwa msisitizo.

Gari nililinunua yadi moja Dar, jina nisilitaje. Kabla ya kulipa, muuzaji alikuwa ananipigia asubuhi na jioni, ananiita bosi. Nilitaka mkataba wenye dhamana ya siku thelathini kwa injini na gia boksi, wakaandika. Siku ya kukabidhiwa nikapewa fomu ya ukaguzi, na kwenye mstari wa mfumo wa kupoza injini wameweka tiki na sahihi. Tukaanza safari ya kupanda. Mpaka Ruaha Mbuyuni gari safi kabisa. Ndani ya Kitonga, nyuma ya foleni ya malori, kiyoyozi kimewashwa, taa nyekundu ya joto ikawaka. Nikaegesha penye nafasi, nikafungua boneti, nikaacha injini ipoe kabisa kabla ya kugusa mfuniko wa rejeta. Chupa ya akiba ilikuwa kavu. Ndani ya rejeta kulikuwa na maji matupu ya rangi ya kutu, hakuna kulanti (kimiminika maalumu cha kupoza injini) hata tone, na bomba la juu lilikuwa linavuja kidogo kwenye klipu. Fundi mmoja wa Ipogolo akabana, akajaza, tukafika Mbeya taratibu.

Nikampigia muuzaji. "Kaka, gari likishatoka getini ni lako." Yule yule wa bosi. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja, akapokea dada mwenye sauti ya upole sana: "Pole kaka, nimeliandika lalamiko lako, mhusika atakupigia." Mhusika hakupiga. Nikapiga tena, dada yule yule, upole ule ule, jibu lile lile. Na simlaumu hata kidogo, kwa sababu nilipomuuliza nani hasa mwenye uwezo wa kuruhusu nilipwe gharama, alikuwa hajui. Yeye kawekwa pale kupokea simu, hana kauli juu ya shilingi hata moja.

Kilichonisaidia ni karatasi. Niliwatumia picha ya fomu yao yenye tiki na sahihi, picha ya maji ya kutu kwenye chupa ya plastiki, na ukurasa wa dhamana. Nikaongeza kwamba wasipojibu napeleka kwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo hupokea malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Meneja akanipigia mwenyewe. Walilipa bomba, mfuniko wa rejeta na kulanti. Ufundi na muda wangu hawakulipa, na hela yenyewe ilichukua wiki kadhaa kuingia. Kwangu hiyo ni huduma mbovu hata kama iliishia kwa malipo, maana mteja asiye na karatasi angeishia kwenye ile pole ya dada.

Kwa hiyo ukipiga simu yadi yoyote, usiulize kama wana huduma baada ya mauzo. Wote watasema ndiyo. Uliza hivi: nikipata shida nikiwa Makambako, nani anaidhinisha fedha ya matengenezo, anaitwa nani, na nitengeneze wapi? Omba jibu kwa meseji. Akianza kuzunguka, hapo umeshajibiwa.

Uliza pia kulanti, huku kwetu ina maana yake. Maji yanachemka mapema zaidi kadiri unavyopanda. Kwa urefu wa Mbeya, sufuria iliyo wazi inachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko, pamoja na kulanti yenyewe. Mfuniko ukichoka na ndani kukiwa na maji ya bomba, Kitonga itakusimamisha tu.

Huduma niliyoiona Mwanjelwa ilinifurahisha mpaka leo. Fundi wangu alishuku themostati, kile kifaa kinachofungua njia ya maji ya kupoza injini ikipata joto, nayo imechoka, akaitoa, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa pale gereji. Kifaa hicho hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Maji yakachemka, kikawa kimefunguka nusu tu na kugoma hapo. Nikaenda duka la spea. Kijana wa pale hakutaka kusikia "themostati ya Noah." Akaomba kadi ya gari, akasoma namba ya chesisi inayoanza na ZRR70, akaiingiza kwenye simu yake, akapata namba ya spea. Akashusha maboksi mawili. La kwanza aliligeuza, akapitisha kidole kwenye maandishi yaliyofifia pembeni, akalirudisha rafuni mwenyewe: "Hili ni nusu bei baba, ila sikupi, utanirudia nalo." Akaniuzia la pili, akaandika risiti yenye namba ya spea. Kijana huyo hana cheo cha huduma kwa wateja, na tangu siku hiyo pedi za breki, plagi, bushi na linki nanunua kwake.

Jambo jingine la kushikilia ni oili ya gia boksi. Noah hizi ni CVT, yaani gia oto inayotumia mkanda badala ya gia za hatua. Kuna mafundi wazuri kabisa wa injini ambao bado wanataka kukumiminia hydrolik nyekundu ya kawaida kwa kuwa "zote ni oto." Kataa. CVT za Toyota zina oili zake, TC kwa za zamani na FE kwa zilizofuata, na kitabu cha gari lako kinasema ipi. Huku kwenye milima gia boksi inafanya kazi kuliko Dar, kwa hiyo muda wa kubadilisha usiuvute. Na ukishuka kwenda Kyela au ule mteremko wa Iwambi, usikae kwenye D huku umekanyaga breki njia nzima. Shusha gia kwenye nafasi iliyo chini ya D, injini ikusaidie kushika gari. Pedi zitadumu, na breki hazitakulegea mguuni.

Kuagiza Japani au kununua yadi? Kama unaweza kusubiri, agiza. Unaona cheti cha mnada, yaani karatasi ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani, na gari lililowahi kugongwa likatengenezwa huandikwa R au RA badala ya gredi ya namba. Kodi ipige mwenyewe kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hela, na kumbuka gari likizidi miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu. Yadi ina faida ya kuliona na kuligusa. Ukienda, angalia tairi: tarakimu nne za mwisho ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, na baadhi ya magari hushuka bandarini na tairi za theluji ambazo kwenye lami ya joto huisha haraka. Redio wala usiipiganie. Masafa ya FM ya Japani yanaanzia 76, nyingi zinaishia 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hutazipata mpaka ufunge kifaa au redio nyingine, na hiyo ni kazi ndogo Mwanjelwa.

Ukipata gari unalolitaka, weka hapa picha ya cheti cha mnada na fomu yao ya dhamana, ufiche jina lako na namba ya chesisi. Tutaisoma pamoja kabla hujalipa.