Grafu ya ln Ikipinda, Usiilaumu Kemia Kwanza

Mwanafunzi wa uzamili hapa Nairobi ameniandikia akilalamika: mmenyuko wake ni wa oda ya kwanza (kasi hufuata kiasi cha kianzio, yaani kemikali inayomenyuka), lakini grafu ya ln (logi asilia) ya kiasi hicho dhidi ya muda inapinda badala ya kunyooka. Nimeangalia alivyoipanga NMR, mashine ya sumaku na mawimbi ya redio anayopimia kiasi hicho. Pulsi (mpigo wa redio) ya digrii 90, kusubiri sekunde 1 kabla ya pulsi inayofuata. Hapo hakuna fumbo.

Protoni zikishapigwa pulsi hurudi kwenye utulivu kwa T1 (kipimo cha muda wa kutulia) yake kila moja. Kwa digrii 90, subiri mara tano ya T1 iliyo ndefu kuliko zote. Ikiwa ni sekunde 6, subiri 30. Ukiharakisha, kilele (ishara kwenye spektra) cha kianzio na cha zao la mmenyuko hupungua kwa viwango tofauti. Ukikokotoa asilimia kwa kuvijumlisha, kosa linabadilika kadiri mmenyuko unavyosonga, na mstari unapinda. Ukibanwa na muda, tumia digrii 30, kisha linganisha kianzio na kitu kisichomenyuka, mathalani dimethili salfoni, badala ya zao. Mipangilio isiguswe tangu spektra ya kwanza hadi ya mwisho, na gaini ya otomatiki (mashine kujirekebishia ukuzaji wa ishara) izimwe. Nimelisema hili mara nyingi na nitalirudia.

Jambo lingine ni kasi. Ethili asetati na NaOD (soda kali yenye deuteri, hidrojeni nzito), kila kimoja 0.02 M ndani ya D2O (maji mazito) kwa nyuzi 25, mmenyuko wao hufika nusu kwa dakika 6 hadi 7: kilele cha kianzio kilicho kwenye 2.07 ppm (kipimo cha mahali kwenye spektra) kinashuka, cha zao kwenye 1.90 kinapanda. (Huo ni wa oda ya pili, kasi hufuata vitendanishi vyote viwili; badala ya ln chora 1/[A], [A] ikiwa ni ukolezi wa kianzio.) Ukipandisha NaOD hadi 0.1 M, nusu inafika kwa dakika moja hivi, nawe bado unahangaika na shimu, yaani kusawazisha uga wa sumaku.

Kwa hiyo shimu ifanywe kabla. Weka kwenye tyubu mililita 0.55 za kila kitu isipokuwa kitendanishi cha mwisho, ikae ndani ya mashine dakika 10 ishike joto. Itoe, ongeza mililita 0.05 kwa sindano, pindua mara tatu, rudisha. Saa ianze unapochanganya, si mashine inapoanza kusoma.

Joto la kwenye skrini ni la hewa inayopita nje ya tyubu. Pima la ndani kwa methanoli, au kwa ethilini glikoli ukivuka joto la chumba. Na wapenzi wa kloroformu: kwa mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi, huchemka karibu nyuzi 55, si 61 ya vitabuni. Kifuniko cha plastiki hakizuii mvuke, na kiputo kimoja mbele ya koili inayopokea ishara kinavuruga shimu yote. Baki chini ya 45.