Maswali ya Wasomaji: Rafiki Yangu Ana Miaka Tisa

Barua nne za mwezi huu zinahusu jambo moja: mtu mzima na mtoto wasio ndugu waliozoeana mpaka mtaa ukaanza kusema. Majibu yameandaliwa na walimu na maofisa ustawi wa jamii wanaosaidia safu hii.

Nina miaka 33, bado naishi kwa mama hapa Tanga. Vibarua huja na kupotea. Mtoto wa mpangaji wetu, wa miaka 9, alikuwa akija kila jioni nikitengeneza baiskeli, tukawa marafiki. Nilimkopa sh 8,000 za kibubu chake nikazila kwenye mkeka wa kubeti. Nilimwambia nitarudisha Ijumaa, asimwambie mama yake. Ijumaa tatu zimepita na mtoto haji tena. Nianzie wapi?

Anzia kwenye hela, na iwe yote kwa mkupuo. Usimpelekee 3,000 "za kuanzia". Mkubwa mwenzio akipokea kianzio anaona nia njema, lakini mtoto wa miaka tisa anaona kwamba 5,000 hazipo na kwamba amepewa ahadi nyingine. Huna kibarua? Uza jezi, uza simu ya pili, fua mazulia ya watu. Usikope kwa mama yako, maana hapo deni litakuwa limehama tu.

Kabla ya kumwona mtoto, nenda kwa mama yake peke yako umweleze. Atakasirika, ana haki hiyo, nawe usijitetee. Kisha mrudishie mtoto hela yake mbele ya mama yake, kwa maneno machache yasiyo na kona: nilichukua hela yako, nikaipoteza kwa kubeti, nikakuahidi Ijumaa nikakudanganya, hii hapa, ihesabu. Basi. Neno "anko alibanwa" liache. Soda na chipsi pia ziache siku hiyo, kwa sababu zawadi inayokuja na deni inanunua msamaha kabla mwenye kusamehe hajaamua. Wala usimuulize "umenisamehe?" Ukiuliza hivyo, unampa mtoto kazi ya kukubembeleza, na hiyo si kazi yake.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, nasi tunaliona kubwa kuliko zile 8,000. Ulimwambia asimwambie mama yake. Wanaodhuru watoto huingilia mlango huohuo. Mwambie mtoto, mama yake akisikia: "Nilikosea kukuambia ufiche. Mtu mzima yeyote akikuambia ufiche jambo, hata mimi, mwambie mama."

Akirudi, na huenda asirudi wiki hiyo, punguza ahadi. "Kila jioni" haikuwa ahadi, ilikuwa mazoea tu. Chagua siku moja na saa moja, mfano Jumamosi saa 4 asubuhi hadi saa 6, umwarifu mzazi. Fika dakika kumi kabla, vifaa viwe nje tayari. Ukijua hutaweza kuja, toa taarifa Ijumaa kabla ya magharibi kwa simu ya mama yake. Taarifa ya baada ya saa 4 ni udhuru. Na zipite Jumamosi nane mfululizo kabla hujataja jambo kubwa zaidi, kama safari ya ufukweni au kiti kipya cha baiskeli. Ukikosa moja katikati, kiri umekosa, kisha inayofuata uwepo. Maelezo marefu ya kwa nini ulikosa humchosha mtoto, nawe yatakufanya ujione umeshalipa.

Kazi ya baiskeli ishikilieni, na bora muanze na kuziba pancha, kwa kuwa haimvumilii mwenye pupa. Toa tairi kwa vyuma vyake au mpini wa kijiko. Bisibisi hutoboa tyubu mara ya pili. Jaza tyubu upepo kidogo, izamishe kwenye beseni la maji, na kazi ya kutafuta mapovu mpe mtoto. Zungushieni tundu alama, kausheni, mkwangue kwa msasa eneo pana kuliko kiraka mpaka mng'ao wa mpira uishe. Vumbi lifuteni kwa kitambaa kikavu na vidole visiguse tena hapo, maana mafuta ya mkono huzuia gundi kushika. Pakeni gundi nyembamba, kisha subirini kama dakika tano hadi iache kung'aa na isinate ukiigusa pembeni.

Hapo ndipo wengi huharibu. Kiraka kikiwekwa gundi ikiwa mbichi, kitashika leo na kung'oka kesho kutwa. Mpe mtoto saa ndiyo awe mwenye amri ya kusema "bado". Utashangaa jinsi dakika tano zilivyo ndefu kwa mtu wa miaka 33! Wakati gundi inakauka, pitisha kitambaa ndani ya tairi ukitafuta mwiba au kipande cha waya. Hilo ni lako, si la mtoto, kwa sababu linakata vidole. Msipoutoa huo mwiba, pancha ileile mtaiziba tena jioni.

Kisha bandikeni, mkandamize kuanzia katikati kwenda pembeni, rudisheni tyubu ikiwa na upepo kidogo isijikunje, mjaze. Robo saa ya mwisho ni ya kukusanya vifaa, kumwaga maji na kunawa. Robo saa hiyo usimwachie mtoto eti ndiye mdogo.

Kuhusu mkeka: kubeti ni kwa waliotimiza miaka 18. Usimtume dukani kwa jambo hilo, usimwonyeshe matokeo, usimwombe akuchagulie timu kwa bahati yake. Ukiona huwezi kukaa naye saa mbili bila kuangalia simu, mweleze mama yake ukweli huo na umwombe muda kabla ya kuanza tena.

Binti yangu wa miaka 10 anacheza bao na kijana wa jirani mwenye miaka 29. Tangu wazoeane, kijana ameacha kushinda kijiweni, hata vyombo anaosha kwao. Majirani wanasema nimkataze binti. Nimkataze? (Mama, Morogoro)

Dada, maneno ya majirani yaweke kando, na vyombo anavyoosha viweke kando pia. Mtu anaweza kuosha vyombo vizuri na bado asifae kuachwa na mtoto. Vilevile, anaweza kuwa "mtu mzima hovyo" kwa mtaa mzima na asiwe na ubaya wowote kwa binti yako. Pima namna urafiki wenyewe unavyoendeshwa.

Waite wote wawili, useme masharti mara moja mbele yao. Bao linachezwa barazani au uani, penye watu wanaopita, kamwe si chumbani wala nyuma ya mlango uliofungwa. Linaanza baada ya kazi za shule na linaisha saa 12 jioni. Zawadi, hela na picha vinapitia kwako. Hakuna ujumbe wa simu kati yao wawili. Kijana hamfuati binti shuleni bila wewe kumpigia mwalimu. Sharti likivunjwa, bao linasimama wiki nzima, hata kama aliyevunja ni binti.

Kisha tazama kijana anavyoyapokea. Akisema sawa na kesho yake akaleta ubao barazani, endelea kutazama kwa utulivu. Akikasirika na kuuliza "kwani huniamini?", jibu kwamba masharti haya ni ya kila mtu. Akizidi kulalamika, urafiki uishie hapo.

Kwa binti, usiulize "kuna ubaya wowote?" Utajibiwa hapana. Uliza: leo mlifanya nini, mliongea nini, nini hukukipenda? Sikiliza pia kama kijana anamsimulia habari za mchumba wake, madeni yake au pombe. Hiyo peke yake si jinai, lakini mtoto si mshauri nasaha, na anayemfanya hivyo hajakua hata kama kijiweni haendi tena. Mwambie kijana wazi: mambo ya wakubwa apeleke kwa wakubwa wenzake, kwa kaka zake, au kwa shehe au mchungaji.

Dalili za kukufanya usimamishe kila kitu siku hiyohiyo ni hizi: hela au kitu kipya kisicho na maelezo, siri, mtoto kukataa ghafla kwenda alikokuwa akipapenda, hofu akisikia jina lile. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na kwenye kata au halmashauri kuna ofisa ustawi wa jamii. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18, na inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa azifikishe kwenye serikali ya mtaa. Kwa hiyo wale majirani, kama wana jambo waliloliona, wana pa kulipeleka. Kama hawana, wanyamaze.

Nacheza bao na mpwa wa rafiki yangu, miaka 9. Akifungwa analia. Akinifunga mimi naudhika, na wenzangu wananicheka. Nimwachie ashinde? (Ujiji)

Usimwachie kwa siri. Atagundua, na siku atakayokufunga kwa haki hataamini. Mpe nafuu iliyotajwa kwa sauti.

Inawezekana mmeanza na bao gumu mno. Anzeni na bao la kujifunza: mashimo 32, kete mbili kila shimo, zikitimia 64. Toa kete nane kwenye safu yako ya nyuma, mtoto aone ukizitoa, na mkubaliane kwamba akikufunga mara tatu mfululizo utarudisha mbili. Mkishafika mahali ambapo mnaanza sawa, ingieni bao la Kiswahili: kila mmoja kete sita kwenye nyumba, yaani shimo lake la mraba katika safu ya mbele, mbili mbili kwenye mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba hiyo, na 22 za kunamua, yaani za mkononi zinazoingizwa ubaoni moja moja. Kosa la kawaida ni kuharakia hatua hiyo. Mtoto asiyejua bado kutazama kete yake ya mwisho itaangukia wapi atachanganyikiwa na kunamua, kisha mtaji, yaani hatua ya pili ya kucheza kete zilizo ubaoni tu, utamkuta amekwishachoka.

Akilia, usimnyamazishe wala usicheke. Acha ubao kama ulivyo, ngoja, mwonyeshe shimo moja tu lililomponza, si matano. Ukifungwa wewe, sema "umenifunga", mwonyeshe shimo lililokuponza, panga kete. Marudio ni moja tu kwa siku, kwa kuwa mkubwa aliyekasirika ataomba kumi. Wanaokucheka waalike wacheze naye.

Nimepata kazi Dodoma, naondoka Mwanza baada ya wiki mbili. Kuna mtoto wa jirani niliyemzoea kwa miezi mitano. Naogopa atalia. Si bora niondoke kimya?

Hapana. Unayetaka kuepushwa kilio ni wewe.

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walichapisha utafiti wa watoto zaidi ya 1,100 wa miaka 10 hadi 16 katika mpango wa Big Brothers Big Sisters, unaowaunganisha watoto na watu wazima wa kujitolea. Waliodumu mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika zaidi. Wale ambao urafiki wao ulikatika ndani ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini. Mpango ule si sawa na urafiki wa uani, lakini unatosha kukuonya usikate ghafla.

Mwambie wiki hii, mzazi akijua kwanza. Taja tarehe, muiwekee alama pamoja kwenye kalenda. Sema sababu ni kazi, na kwamba hakuna alilokosea. Watoto hujitafutia kosa pale wasipoambiwa. Usiahidi kupiga simu kila siku, kazi mpya haitakuruhusu. Ahidi Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa 10 jioni, kwa simu ya mzazi, dakika kumi. Weka kengele kwenye simu yako sasa hivi.

Zawadi ya kuaga iwe kitu mlichokuwa mkikitumia pamoja, si kipya cha dukani. Na kama ni kitu cha thamani, baiskeli kwa mfano, mwachie mzazi karatasi yenye sahihi yako kwamba umempa, ndugu zako wasije wakaidai ukishapanda basi.