Taa za Mbele Hazimuliki Mbali: Je, Nibadilishe Balbu?

SWALI: Nina gari dogo la zamani linalotumia balbu za H4, yaani zile zenye dimu (mwanga wa chini) na fulu (mwanga mrefu) ndani ya balbu moja. Nikiwasha dimu usiku naona sehemu fupi tu ya barabara, na mvua ikinyesha ni kana kwamba sijawasha taa kabisa. Fundi mmoja amenishauri niweke balbu za wati 100, na mwingine anasema niweke za LED niachane na halojeni, zile za waya unaowaka ndani. Sipendi kuwaumiza macho madereva ninaopishana nao. Nianze na lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, usianze na balbu. Katika gari lenye umri kama wa lako, mwanga hupotea kwenye kioo cha taa, kwenye nyaya na kwenye ulengaji, na kasoro hizo zikiachwa palepale, balbu kali zaidi huongeza joto na kero kwa wenzako bila kukuongezea umbali wa kuona.

Kioo huchukua muda mfupi kukagua. Simama mbele ya gari mchana uangalie kama kiakisi cha ndani, yaani bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, kinaonekana bila ukungu. Vioo vya plastiki huwa vya manjano kwa sababu ya jua, na ukungu huo haupunguzi mwanga tu, bali pia huutawanya kwenda juu, machoni mwa anayekuja. Visugue kwa msasa wa maji, ukianza na namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, uving'arishe kwa polishi na umalizie kwa kuvipaka dawa ya kukinga miale ya jua, kwani bila kinga hiyo ukungu hurudi baada ya miezi michache. Kiakisi chenyewe usikifute kwa kitambaa, maana tabaka lake la kung'aa ni jembamba mno na hukwaruzika. Kikiwa kimebabuka au kimeungua juu ya balbu, hakitengenezeki. Badilisha taa nzima.

Sehemu ambayo mafundi wengi huiruka ni umeme unaofika kwenye balbu, nami ndiyo ninayokusihi uipe muda wako. Mwanga wa balbu ya halojeni haupungui sawasawa na volti, bali hupungua kwa kasi kubwa zaidi: volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga hushuka kwa takriban asilimia 30. Balbu ya H4 hukadiriwa kutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu ikipata volti 13.2. Tuseme betri yako inaonyesha volti 13.8 injini ikiwa inanguruma, lakini kwenye balbu zinafika 12 tu. Hapo dimu yako inatoa lumeni kama 720, na hakuna balbu mpya itakayokurudishia zile zilizopotea njiani.

Kipimo chake ni rahisi. Washa injini na taa, acha soketi ikiwa imechomekwa kwenye balbu, kisha weka ncha moja ya multimita (kifaa cha kupimia volti) kwenye chanya ya betri na nyingine nyuma ya soketi, kwenye waya wa chanya wa dimu. Namba utakayoisoma ndiyo volti zinazopotea upande huo. Fanya vivyo hivyo kati ya hasi ya soketi na hasi ya betri. Mara nyingi ubaya uko upande wa hasi, kwenye bolti inayofunga waya kwenye bodi, ambayo imeshika kutu. Ifungue, usugue chuma hadi king'ae, uifunge tena na kupaka grisi kidogo kwa juu. Marekebisho hayo hayana gharama yoyote ya maana, na huenda yakawa ndiyo tiba yako yote.

Upande wa chanya ukipoteza zaidi ya nusu volti, tatizo kwa kawaida ni kwamba umeme wote wa taa unapitia kwenye swichi ya usukani na nyaya nyembamba zilizochoka. Mwambie fundi akufungie rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa), moja ya dimu na nyingine ya fulu. Waya mpya wa milimita mraba 2.5 utoke kwenye betri, upite kwenye fyuzi iliyo karibu kabisa na betri hiyo, uingie kwenye pini namba 30 ya rilei na kutokea namba 87 kwenda kwenye taa. Waya wa zamani wa swichi utabaki na kazi ya kuamsha rilei tu, kupitia pini za 85 na 86, na hivyo swichi nayo itapumzika.

Sasa tuje kwenye ulengaji. Jaza upepo kwenye matairi kwa kipimo chake, acha gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, mtu akae kwenye kiti cha dereva, na kama kuna kitufe cha kurekebisha urefu wa mwanga, kiweke kwenye sifuri. Egesha mahali tambarare, taa zikiwa mita 10 kutoka ukutani. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, uhamishie alama hiyo ukutani, kisha chora mstari mwingine sentimita 10 chini yake. Funika taa moja, washa dimu, na uzungushe skrubu iliyo nyuma ya taa hadi ukingo wa juu wa mwanga ukae juu ya mstari huo wa chini. Huo ndio mteremko wa asilimia 1. Ikiwa asilimia nyingine imechapishwa kwenye taa yako, fuata hiyo.

Tafadhali usizidharau sentimita hizo. Taa iliyo sentimita 65 kutoka chini, ikishushwa kwa asilimia 1, ukingo wa mwanga wake hugusa barabara mita 65 mbele. Ikishushwa kwa asilimia 2, hugusa kwenye mita 32 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dereva anayechukua sekunde moja na nusu kukanyaga breki huwa ameshapita mita 33 kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Skrubu iliyolegea inaweza kukupokonya umbali wote huo, hata balbu zikiwa mpya.

Angalia pia umbo la mwanga ukutani. Upande wa magari yanayokuja ukingo unapaswa kulala, na upande wa ukingo wa barabara unapaswa kupanda. Kwa hiyo pale magari yanapopita kushoto, hupanda kushoto. Ukikuta kinyume chake, taa hizo zilitengenezwa kwa nchi za upande mwingine na skrubu haiwezi kuzirekebisha. Ukingo ukiwa umevurugika kabisa, chomoa balbu uirudishe, kwa sababu H4 ina masikio matatu na lisipokaa moja mahali pake, mwanga wote unakwenda ovyo.

Baada ya hayo ndipo tuzungumze kuhusu balbu. Za wati 100 zikatae. Hula umeme mwingi zaidi, kwa hiyo nyaya dhaifu hupoteza volti nyingi zaidi, soketi huyeyuka na kiakisi huungua. Zilizopakwa rangi ya buluu nazo ziache, kwa kuwa rangi hiyo huchuja mwanga ambao tayari ulikuwa haba. Nunua halojeni za wati 60/55 za mtengenezaji anayeaminika, zile zilizoundwa kumulika mbali zaidi: waya wake wa ndani hupangwa kwa usahihi zaidi na huwaka kwa joto la juu zaidi, ingawa maisha yake ni mafupi. Badilisha zote mbili kwa pamoja na usiguse kioo chake kwa vidole. Ukikigusa, kifute kwa spiriti.

Kuhusu LED, kiakisi chako kilichongwa kwa ajili ya waya mdogo ulio mahali mahususi, wenye kikombe cha chuma chini yake kinachokata mwanga wa dimu. LED nyingi haziigi umbo hilo ipasavyo. Humwaga mwanga mkali karibu na gari, mboni za macho hubana, na wewe huona vizuri karibu huku mbali pakizidi kuwa giza. Nchi nyingi haziruhusu LED kwenye taa ya halojeni isipokuwa balbu hiyo imeidhinishwa. Ujerumani, kwa mfano, ilianza mwaka 2020 kuidhinisha baadhi yake kwa aina za magari zilizotajwa moja moja. Isiyo na kibali kwa taa yako usiifunge.

Ukishaweka balbu mpya, rudi ukutani ulenge upya, kwa sababu nafasi ya waya wa ndani hutofautiana kidogo kati ya balbu na balbu. Endapo volti kwenye soketi ni 13 au zaidi, kioo ni safi, ukingo uko kwenye mstari na bado huoni vizuri, basi kiakisi kimechoka; nunua taa mbili kamili zenye alama ya uidhinishaji.