Seli nyeupe zinajuaje pa kutokea?

Umeuliza seli nyeupe za damu zinajuaje kuwa mwiba umechoma kidole na si goti. Hazijui. Kidole ndicho kinachozinasa.

Pale penye jeraha hutolewa kemikali, na ukuta wa ndani wa vimishipa vidogo vya vena huchomoza protini ziitwazo selektini. Seli nyeupe inayopita mbio na damu inanaswa, inaachia, inanaswa tena, kwa hiyo inabingirika ukutani taratibu. Katika kubingirika huko inakutana na kemokini, yaani kemikali za kuita seli nyeupe, zilizobandikwa pale, na hizo ndizo zinazoziamsha integrini zake, yaani protini za kushikilia zilizo juu ya seli hiyo. Integrini hazina mchezo: zikishika, seli inasimama kabisa, inajibapa, inapenya kati ya seli za ukuta na kuingia kwenye nyama.

Ukitaka kuona integrini zina kazi gani, kuna watoto wachache sana wanaozaliwa na kasoro ya kurithi kwenye integrini ya beta-2. Kitovu huchelewa kudondoka, maambukizi hayaishi, na kidonda hakitungi usaha, ilhali kipimo cha damu kinaonyesha seli nyeupe nyingi kupita kawaida, maana zimekwama humo humo mishipani.