Jibu: Fomula ya michango ya harusi (acha kulinganisha kwa majina)

Simama hapohapo, mkuu. Umesema unatengeneza Excel ya michango ya harusi hapo Tanga, unataka VLOOKUP (fomula ya kutafutia kitu kwenye orodha) itafute jina la mchangiaji kwenye orodha ya malipo, na mwenye deni atumiwe meseji. Hapo kwenye jina ndipo utakapovunja undugu.

Majina ya Pwani hayakutungwa kwa ajili ya kompyuta. Mtoto hupewa jina la babu, kwa hiyo unapata Hamisi Juma Hamisi, baba yake Juma Hamisi Juma, na wote wawili wameahidi mchango. Ukoo mzima ni kitanzi kisicho na amri ya kutoka. Bado akina Mwanaidi: mmoja wa Chumbageni, mmoja wa Makorora, wa tatu kaandikwa "Mama Zai" kwa sababu mwandishi hajui jina lake na anaona haya kuuliza. VLOOKUP haina haya wala haiulizi. Inamchukua Mwanaidi wa kwanza inayemkuta, inambandika mwenzake hesabu zake, na huoni alama yoyote ya kosa.

Halafu watu hutoa kidogo kidogo. Aliyeahidi 50,000 analeta 30,000 leo, 20,000 mwisho wa mwezi. VLOOKUP ikishaiona ile 30,000 imemaliza kazi. Shangazi wa bwana harusi, aliyekwisha timiza ahadi yake, anaamshwa na meseji ya kudaiwa 20,000. Haya, mweleze shangazi maana ya VLOOKUP. Na usipoandika kipande cha nne cha fomula (weka 0), inatafuta jina la kukaribiana. Orodha isipopangwa kialfabeti, inakuletea pesa za jirani.

Wale walimu wa video wanaofundishia John, Mary na Peter, hakuna wawili wanaofanana, ndio wanaotuponza. Hawajawahi kukaa kamati ya harusi Ngamiani. Ngamiani barabara zenyewe zinaitwa kwa namba, sisi tunashindwa nini kuwatambua watu kwa namba?

Mtu ni namba ya simu. Jina ni pambo. Msiniulize nimejuaje.

Fungua shiti mbili, Ahadi na Malipo. Kolamu A ya kila moja ifanye Text (aina ya maandishi) kabla hujabandika namba. Usipofanya hivyo sifuri ya mbele inaliwa, na namba inayoanza na 255 inageuka 2.55712E+11. Ukiihifadhi hivyo kama CSV (faili la maandishi matupu), tarakimu za mwisho zimekwenda na maji, hazirudi. Kolamu B iache General (aina ya kawaida), la sivyo fomula itabaki maandishi tu, kisha weka:

="255"&RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)

Hapo aliyeandika 0, aliyeandika +255 na aliyeacha nafasi katikati wote wanakuwa sawa. Kwenye Malipo, kiasi kikae kolamu C, kila pesa inayoingia mstari wake, pamoja na tarehe na kumbukumbu ya muamala. Usiongezee juu ya mstari wa zamani hata kama mtu ni yuleyule. Kwenye Ahadi, jumla ya alicholipa mtu ni:

=SUMIF(Malipo!B:B,B2,Malipo!C:C)

Tatizo linalobaki halina fomula. Mama analipa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mumewe, mwingine kapitia kwa wakala na meseji imekuja na jina la wakala. Kwenye Malipo andika namba ya aliyeahidi, siyo ya laini iliyotuma. Hujui ni nani? Piga simu uulize siku hiyohiyo, maana baada ya wiki kila mtu atasema ni yake. Pesa taslimu nazo ziingie hivyohivyo.

Na kabla meseji za kukumbusha hazijatoka, mpe mweka hazina orodha ya wanaodaiwa aipitie kwa macho. Akimkuta mama yake mle, zuia zote.