Mwenye hekima ni nani hasa?

Umeuliza kama mtu mwenye digrii ndiye wa kuitwa mwenye hekima. Si lazima, ndugu yangu. Elimu unaisomea na cheti unapewa, ila hekima wanakutambulia watu waliokuona ukiamua mambo magumu.

Chukua wavuvi wa dagaa hapa Mwanza. Kijana yeyote anajua kwamba taa zinavuta dagaa usiku wa giza, na kwamba mbalamwezi ikiwa kali hakuna cha maana ziwani. Hayo ni maarifa. Sasa mafuta yameshanunuliwa kwa mkopo, vijana wanataka hela, na wingu linajikusanya upande wa visiwani. Nahodha anayesema "leo hatutoki", akavumilia kuitwa mwoga mpaka asubuhi, huyo ndiye mwenye hekima. Mjanja angetuma wenzake, yeye abaki nchi kavu!

Kwa Wasukuma, banamhala, yaani wazee, ndio wanaotazamiwa kusuluhisha ugomvi. Lakini mvi peke yake hazitoshi, kila ukoo una mzee ambaye haitwi kwenye kikao.

Halafu kuna matumizi mengine ambayo binafsi yananichosha: "Mheshimiwa, kwa hekima yako tunaomba..." Hapo hakuna anayepima hekima ya mtu, ni ombi lililovikwa koti. Na mtu akikwambia "tumia busara" mbele ya kaunta, mara nyingi anataka ulegeze sheria kidogo kwa ajili yake.