Meshi imekufa baada ya kusasisha ruta: je, nirudi toleo la zamani?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina ruta tatu zenye chipu ya Wi-Fi ya QCA9880. Zilikuwa na OpenWrt 22.03.0 (programu huria ya kuendesha ruta), zikiunganishwa kwa meshi ya 802.11s yenye nenosiri, yaani ruta zinashikana zenyewe kwa Wi-Fi, na juu yake batman-adv, programu inayochagua njia ya data kati ya ruta. Kazi zilienda, ila nodi (yaani ruta) ya tatu ilikuwa na ugonjwa wake: ping, ile amri ya kupima kama kifaa kinajibu, inajibu vizuri, lakini faili kubwa au ukurasa wenye picha nyingi unakwama katikati. Nikaona dawa ni kusasisha, nikazipandisha zote hadi 23.05 huku nikihifadhi mipangilio. Sasa hazionani kabisa, na nikifungua mipangilio naikuta ileile. Nirudi nyuma?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Tafadhali usirudi nyuma. Mnamo Oktoba 2022 zilitangazwa dosari kadhaa kwenye sehemu ya Wi-Fi ya kerneli (kiini) ya Linux, ambayo OpenWrt imejengwa juu yake, zilizogunduliwa na Sönke Huster wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani. Mojawapo imepewa namba ya utambulisho CVE-2022-41674. Mshambuliaji hahitaji nenosiri lako. Akiwa ndani ya masafa ya redio anatuma fremu zilizoharibiwa makusudi, na kifaa kinachozisoma kinaweza kuanguka au kutekwa. OpenWrt walitoa kiraka katika 22.03.2. Toleo lako la 22.03.0 lilitoka kabla ya hapo, kwa hiyo ukilirudisha unarudisha na tundu lenyewe.

Na sidhani kama 23.05 ndiyo iliyokuharibia. Unapohifadhi mipangilio wakati wa kusasisha, yanayobaki ni mafaili ya mipangilio tu. Vifurushi ulivyoongeza kwa mkono hufutika vyote. Ndiyo maana mipangilio unaiona ileile: bado inaiomba ruta ifanye kazi ambayo programu yake haipo tena.

Ingia kwenye ruta moja uandike:

`opkg list-installed | grep -E 'wpad|batman|ath10k'`

Natarajia utakuta `wpad-basic-mbedtls`, kifurushi kinachoshughulikia usalama wa Wi-Fi. Hicho ndicho kifurushi kinachokuja na 23.05, na hakiwezi meshi yenye nenosiri. Kiondoe, weka `wpad-mesh-mbedtls`. Huko 22.03 bila shaka ulikuwa na `wpad-mesh-wolfssl`, nacho kimeondoka. Kisha rudisha `kmod-batman-adv` na `batctl-default` (amri za kuisimamia batman-adv). Halafu angalia dereva ya redio, yaani programu inayoiendesha chipu ya Wi-Fi: kwa chipu yako OpenWrt huweka `ath10k-ct`, ambayo inajulikana kwa kugombana na meshi ya 802.11s. Toa `kmod-ath10k-ct` pamoja na `ath10k-firmware-qca988x-ct`, weka `kmod-ath10k` na `ath10k-firmware-qca988x`, kisha washa ruta upya. Nodi mbili zisizo na intaneti ziunganishe kwa waya na ruta kuu, moja baada ya nyingine, ili zipate kupakua. Pakua vifurushi vipya kwanza kabla ya kutoa vya zamani, usije ukabaki na ruta isiyo na hiki wala kile.

Ukimaliza, `iw dev mesh0 station dump` (badilisha `mesh0` kwa jina la kiolesura chako) ionyeshe `mesh plink: ESTAB`, yaani zimeshikana, kwa kila jirani. Usiendelee mbele mpaka neno hilo lionekane, kwa sababu batman-adv haina pa kupita kabla redio hazijashikana. Zikishashikana, `batctl n` itakutajia majirani.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wa mwanzo, maana huo kusasisha hakuuponyi. Ping ya kawaida hubeba pakiti ndogo. Faili kubwa hujaza pakiti hadi baiti 1500, na batman-adv lazima iongeze kichwa chake juu ya hapo, kwa hiyo kiolesura cha meshi kinahitaji MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 1532. Kikibaki 1500, batman-adv huikata kila pakiti kubwa vipande viwili. Kwenye nodi ya mbali yenye mawimbi dhaifu, kipande kimoja kikipotea pakiti nzima imepotea. Hali ni mbaya zaidi kama uliweka `option fragmentation '0'`, yaani ulizima ukataji huo: hapo MTU ya `bat0`, kiolesura cha batman-adv, hushuka hadi 1468, na daraja la `br-lan`, linalounganisha waya na meshi, hutupa pakiti zinazozidi bila kumwambia mtu yeyote. Kompyuta ya mtumiaji inasubiri jibu ambalo halitakuja.

Jipimie mwenyewe. Unganisha kompyuta ya Linux kwa waya kwenye nodi ya tatu, kisha ping ruta kuu kwa `ping -M do -s 1440`, halafu rudia kwa `-s 1472`. Ping huongeza baiti 28, kwa hiyo unapima 1468 na 1500. Ya kwanza ikipita na ya pili ikanyamaza, mwizi umemkamata. Weka `option mtu '1532'` kwenye kiolesura chenye `proto 'batadv_hardif'`, katika nodi zote tatu. Hapohapo hakikisha kwenye mipangilio ya redio kuna `option mesh_fwding '0'`. Bila hiyo 802.11s nayo inatafuta njia zake, na utakuwa na madereva wawili kwenye usukani mmoja.

Nodi ikipotea kwa takriban nusu saa kisha ikarudi yenyewe, tafuta `DFS-RADAR-DETECTED` (rada imegunduliwa) kwenye `logread`, amri inayoonyesha kumbukumbu za ruta. Hiyo si hitilafu. Sheria inaitaka redio iikimbie chaneli yenye rada kwa dakika 30. Hamia chaneli 36 hadi 48.

Safari ijayo tengeneza faili la kusasishia lenye vifurushi vyako tayari; ukurasa wa kuchagua toleo wa OpenWrt unaruhusu kuviorodhesha kabla ya kupakua. Na anza na nodi ya mbali kuliko zote, ruta kuu iwe ya mwisho. Mimi niliwahi kuanza na ruta kuu, meshi ikakatika, na nodi mbili zikabaki juu ya mapaa nisiweze kuzifikia kwa mtandao. Nilipanda ngazi usiku na kompyuta mgongoni.